Nitoe pesa ya mnazi kwa siri, au niache harusi isubiri?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, Mgiriama, nakaa Muyeye hapa Malindi. Kazi yangu ni kuhudumia wageni mezani katika hoteli moja ya ufuoni. Najua barua nyingi zinazotoka Malindi huwa na mzungu ndani yake, hii haina. Mchumba wangu ni kijana wa kwetu, ana miaka 29, ameokoka, na anatunza mabwawa ya kuogelea ya nyumba za Waitaliano kule Casuarina. Kwao wananijua, kwetu wanamjua. Tulipanga kufunga ndoa Juni.

Juni hatukuichagua kwa kupenda mvua. Kazi ya hoteli huku ni ya msimu. Pasaka ikishapita, masika yakaanza na kusi ikachafua bahari, hoteli nyingi zinafunga na sisi tunarudi nyumbani bila mshahara. Agosti Waitaliano wamejaa, ukiomba ruhusa ya harusi unaambiwa chagua harusi au kazi. Kwa hiyo ni Juni, au tungoje mwaka mwingine.

Bakshishi zangu za Desemba na Januari huwa sizili. Naziweka sako, naye anaweka zake, akaunti ni ya majina mawili na hakuna pesa inayotoka bila sahihi zetu sote. Tumefika shilingi 118,000. Kwa watu kama sisi hizo ni pesa za kukosa usingizi.

Sasa Shangazi, shida ilianzia kwenye mahari. Baba yangu alifariki, kwa hiyo anayesimama ni baba mkubwa aliyeko Kakoneni. Kikao kilienda vizuri. Ng'ombe walihesabiwa kwa pesa, wazee wakapunguza bila kuombwa sana, blanketi la nyanya na nguo za mama zikakubaliwa. Kisha ikatajwa kadzama, yaani ule mnazi, pombe ya mnazi wanayopewa wazee. Hata hakuna mtungi wowote uliotakiwa kuletwa, wazee wenyewe walishaugeuza kuwa pesa, shilingi 8,000. Mchumba wangu akasema hapana. Pesa ya pombe ni pombe, yeye ameokoka, hawezi kuanza nyumba yake kwa kitu hicho.

Baba mkubwa si mlevi na si mpagani. Ni mzee wa kanisa la Kianglikana, babu yetu alibatizwa Jilore. Alicheka kwanza, akamwambia, "Mwanangu, harusini Kana Bwana Yesu hakugeuza maji kuwa soda." Watu wakacheka, mchumba wangu hakucheka. Ndipo mzee akamweleza taratibu kwamba ule mnazi si wa kulewa. Waliounywa ndio mashahidi. Siku mkikorofishana, hao ndio watakaoitwa waseme nani alimwoa nani na kwa makubaliano gani. "Bila hiyo," akasema, "nitamsimamia binti yangu kwa kitu gani?" Mchumba wangu akatoa soda kreti mbili na sukari badala yake. Wazee wakazikataa kwa adabu, tukarudi mjini kimya kwenye matatu.

Binamu yangu anayefanya kazi kwa wakili aliniambia nisihangaike, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema hata ndoa ya kimila huthibitishwa na mahari kidogo tu ya ishara. Nilimpigia baba mkubwa nikamweleza. Akaniuliza kama hiyo sheria itakuja kukaa naye matangani.

Mpaka hapo mimi nilikuwa upande wa mchumba wangu. Nilisema ni msimamo wa imani, nami nampenda kwa sababu ana msimamo. Lakini Jumapili iliyofuata nilikwenda kusali kanisani kwao. Kulikuwa na harambee ya kuezeka paa. Majina yakasomwa na ahadi zake, watu wakapiga makofi, na nikasikia jina lake: shilingi 40,000. Shangazi, nilidhani nimesikia vibaya. Aliyekaa kando yangu akanishika mkono akanipongeza.

Ukitoa vidonge vyake vya maji ya bwawa na kodi ya chumba, mtu huyu hana 40,000 mahali pengine popote. Ziko kwenye akaunti yetu. Nilipomuuliza njiani, akasema ndiyo, zitatoka huko, na anangoja sahihi yangu. Alidhani nitafurahi.

Fungu la kumi sina ugomvi nalo, nami natoa langu. Ila hii si zaka. Akanisomea Malaki 3:10, kwamba tulete zaka kamili ghalani. Kisha akanisomea Mhubiri sura ya 5, kwamba ukimwekea Mungu nadhiri usikawie kuiondoa. Nami nikafungua Marko 7, pale Yesu anapowakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imeshatolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Akasema natumia Neno kama wakili. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya kawaida tu, umekula, umefika.

Simsemi vibaya. Mdogo wangu aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, ni yeye aliyelipa, na hakumwambia mtu. Ndiyo maana sielewi. Mtu aliyetoa kwa siri namna ile, leo anatoa mbele ya kipaza sauti pesa ambayo si yake peke yake, na kwa wazee wangu 8,000 imekuwa dhambi.

Mama naye ana njia yake. Anasema nimtumie baba mkubwa hizo 8,000 kutoka kwa simu yangu, mzee atangaze kwamba mkwe ameleta, mambo yaishe. "Mwanamume husitiriwa," anasema, na kwamba ndoa nyingi za hapa zimesimama hivyo hivyo. Baba mkubwa amekubali. Wote wawili wanangoja mimi tu. Mimi nawaza ile siku ya harusi, baba mkubwa anaposimama kumshukuru mkwe wake kwa mnazi, na pasta ameketi meza ya mbele.

Na nisipofanya hivyo, pasta anataka barua ya familia yangu kwamba wameridhia, na baba mkubwa hataiandika. Bila barua matangazo hayasomwi, na matangazo ni Jumapili tatu.

Maswali yangu ni haya, Shangazi. Nikikataa kutia sahihi ile 40,000, nitakuwa nimemzuia mtu kutimiza nadhiri yake kwa Mungu, au nimezuia pesa yangu tu? Je, naweza kumwambia aitimize polepole kutoka kwa mshahara wake bila kuonekana namshindania na kanisa? Na hii ya mama ya kutoa kwa siri, wewe ungemshauri binti yako aifanye? Nafikiria pia kumwomba padri wetu aende Kakoneni pamoja na pasta wake, wakae na wazee, lakini naogopa mchumba wangu ataona nimemshtaki.

Tafadhali nijibu kabla Mei haijaanza, ili kama kuna barua ya kuandikwa iandikwe.

Ni mimi binti yako,
Mhudumu wa Muyeye, Malindi