Kuhusu ile picha ya mlimani

Luzern, Uswisi

Shikamoo Mama,

Najua anayekusomea ni Kaka. Aisome yote, asiruke panapomhusu.

Hela ya mabati nimeituma, imeingia kwenye simu yako, siyo yake. Sasa hili la picha. Nasikia Baba Mdogo kaizungusha kilabuni kote, eti mtoto wa marehemu anapanda milima ya Wazungu huku jiko la mama yake linavuja. Mama, ule mlima nimeupanda kwa miguu! Kutoka Kriens kuna magari ya waya, kama lile walilotaka kuleta Kilimanjaro. Yalikuwa yananipita kichwani na nauli zao, mimi nipo chini na chapati zangu. Wenzangu wa kazini tulioanza nao walipofika Fräkmüntegg wakasalimu amri, wakapanda gari. Mimi nikaendelea. Aliyebebeshwa majani ya ng'ombe kutoka tambarare hadi Kilema atashindwa na nini? Kilele chenyewe ni mita 2,128. Kwetu Kilimanjaro hapo hata kambi ya kwanza, Mandara, hujafika.

Unaitwa Pilatus. Ndiyo, Pilato yule yule wa kwenye Imani. Watu wa zamani walisema maiti yake ilitupwa kwenye kiziwa kule juu, na ukimchokoza anashusha dhoruba mjini. Basi serikali ya mji ikapiga marufuku kupanda, na mwaka 1387 kuna mapadre waliokaidi wakatiwa ndani. Mwambie Mchungaji, hayo ni mahubiri ya Kwaresima nzima.

Kushuka nilipanda treni, hilo nakiri mbele ya Baba Mdogo na kilabu chake. Ina gurudumu la meno linalong'ata reli, maana mteremko unafika asilimia 48, na imekuwepo tangu 1889. Ikakushusha Alpnachstad, unachukua meli mpaka mjini. Ziwa lote limezungukwa na milima, maji unaona mawe chini. Wewe ungeuliza samaki wake wanaliwa. Wanaliwa, lakini bei yake tuiache.

Jioni nilivuka lile daraja la mbao lenye paa, lililoungua 1993 wakalijenga upya, nikaenda kumwona simba. Kachongwa kwenye mwamba tangu 1821, amelala, mkuki umevunjikia ubavuni. Ni kwa ajili ya vijana wa huku waliouawa Paris mwaka 1792 wakimlinda mfalme wa Ufaransa. Siyo mfalme wao, Mama. Walikwenda kutafuta, kama sisi. Nchi hii ilikuwa inatoa vijana kwenda kulipwa kwa watu, leo sisi ndio tunakuja kuwaogesha wazee wao. Watalii wakawa wanapiga picha, mimi nikakaa kwenye benchi mpaka kibaridi kikaniondoa. Nilikuwa namfikiria Baba. Hiyo picha sikuipiga, ndiyo maana Baba Mdogo hakuiona.

Kazi ni nzuri, afya ipo. Usiulize zamu za usiku.

Sasa masale, ile mimea yetu ya mpakani. Dada kaniambia yameng'olewa upande wa mfereji na yamepandwa upya hatua kadhaa ndani ya shamba letu la kihamba, na migomba miwili ya Baba sasa iko kwa Baba Mdogo. Anayejua kuhesabu safari zangu ajue pia nimehesabu migomba. Kaka, wewe unalala pale pale, ulikuwa wapi? Nenda kwa balozi wa nyumba kumi, chukua wazee wa ukoo, masale yarudi yalipokuwa kabla sijafika Desemba. Nikija nikayakuta hapo, mbege ya Krismasi tutainywea barazani kwa balozi.

Mabati yawe geji 28, siyo 30, na risiti nipigiwe picha. Misumari ile yenye mpira.

Wasalimie usharikani, na Bibi wa Marangu mwambie zile soksi nimempatia saizi yake.

Binti yako