Barua kwa mama mdogo aliyechanjwa, akapata UVIKO hata hivyo

Shikamoo mama mdogo,

Swali lako la juzi, "sasa ile sindano nilichomwa ya nini?", wanaouliza ni wengi, hasa sisi ambao ndugu zetu wanatumia dawa za kufubaza VVU. Ndiyo maana nakujibu hapa hadharani, bila jina lako wala mji wako. Nitaanza na swali lenyewe, lakini kubwa ninalotaka ulisikie ni jingine: kuugua baada ya chanjo si jambo la kukutisha sana. Cha kuogopa ni makosa yanayofanyika ndani ya siku kumi za kuugua.

Chanjo inaacha vitu viwili mwilini. Cha kwanza ni kingamwili, zinazokizuia kirusi kisishike puani na kooni. Hizi hupungua baada ya miezi michache. Isitoshe Omicron, aina ya kirusi cha korona iliyotambuliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, ilikuja na miiba iliyobadilika mno, kwa hiyo hata kingamwili zilizobaki zilipata shida kuitambua. Cha pili ni kumbukumbu ya seli za kinga, nayo hudumu zaidi. Hiyo haizuii mafua, lakini inasaidia sana ugonjwa usishuke mapafuni hadi ukahitaji oksijeni.

VVU vinaingia hapo kwa sababu seli za kinga zinazoitwa CD4, ambazo VVU huziua, ndizo zinazoziamuru seli nyingine zitengeneze kingamwili. Aliyechanjwa CD4 zikiwa chini ya 200, au virusi vyake havijafubaa, mara nyingi hupata kinga hafifu. Lakini tusikuze mambo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2022 uliwafuatilia watu waliokamilisha chanjo kufikia Juni 2021. Hadi mwisho wa mwaka huo, walioambukizwa walikuwa asilimia 4.4 ya wenye VVU na asilimia 3.5 ya wasio na VVU. Tofauti ipo, na waliopata dozi ya nyongeza walikuwa na hatari ndogo zaidi. Angalia kadi yako: shehena ya kwanza ya Tanzania, Julai 2021, ilikuwa chanjo ya Janssen ya dozi moja. Kama uliishia hapo, na CD4 zako zilikuwa chini wakati ule, kinga yako haikukamilika. Ukishapona uliza kliniki kuhusu dozi nyingine. Hakuna haraka, hata ukisubiri miezi 3.

Sasa dawa. TLD, kile kidonge chako cha kila siku cha VVU chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, usiiache hata siku moja, hata ukiwa huna hamu ya kula. Inamezwa na chakula au bila chakula. Ukisahau, imeze mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki saa 4 au pungufu kufikia dozi inayofuata. Wala usiongeze vidonge ukidhani ARV zinaua korona: ARV za lopinavir na ritonavir zilijaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO mwaka 2020, hazikuwasaidia.

Kosa ambalo hakuna anayelisema kwenye dirisha la dawa ni zinki. Kila mwenye mafua siku hizi ananunua zinki, vitamini zenye madini na dawa ya kiungulia. Dolutegravir iliyomo kwenye TLD hujishikiza kwenye madini hayo tumboni, na kidonge chako kinapita bila kuingia damuni vya kutosha. Meza TLD kwanza, kisha subiri saa 2 ndipo umeze zinki au dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu. Ukiwa umetangulia na hizo, subiri saa 6. Kwa zinki, mimi ningekushauri uiache kabisa. Faida yake kwenye UVIKO haijaonekana, hasara yake kwako inajulikana.

Deksamethasone, dawa ya steroidi, nayo iache huko huko dukani. Ilisaidia wagonjwa waliohitaji oksijeni, miligramu 6 kwa siku, chini ya uangalizi. Anayeimeza nyumbani kwa kikohozi cha kawaida anashusha kinga yake mwenyewe, na kwa mwenye VVU inaweza kumwamsha mdudu wa TB aliyelala. Azithromycin ni dawa ya bakteria, haitibu kirusi. Nyungu sikukatazi kwa sababu najua hutanisikia, ila sufuria isikae mapajani. Kuungua na mvuke ni ugonjwa wa pili.

Ukiandikiwa Paxlovid, dawa ya UVIKO, ianze ndani ya siku 5 tangu dalili zianze: nirmatrelvir vidonge viwili vya miligramu 150 pamoja na ritonavir kimoja cha 100, asubuhi na jioni, siku 5. Figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa, na wewe unayetumia tenofovir taja majibu yako ya mwisho ya figo. TLD haigombani nayo. Inayogombana nayo vibaya ni rifampicin ya TB, na rifapentine ya kinga ya TB inayomezwa mara moja kwa wiki, pamoja na dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin. Hizi zinaivunja Paxlovid isifanye kazi, hata wiki kadhaa baada ya kuziacha. Simvastatin ya lehemu husimamishwa. Amlodipine ya presha ikichanganywa nayo inaweza kukushusha presha hadi kizunguzungu, hivyo presha ipimwe. Ndiyo maana nasema ukienda kwa daktari beba makopo yote ya dawa kwenye mfuko, na kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya VVU, juu yake. Najua hupendi kuionyesha kadi hiyo nje ya kliniki yako. Mwonyeshe daktari peke yake, lakini mwonyeshe.

Halafu kikohozi chenyewe. Kipimo kikisoma UVIKO, TB haijafutwa. Vyote viwili hukaa kifua kimoja. Kwa mwenye VVU kikohozi cha muda wowote ule kinatosha kuulizwa kuhusu TB, tena zaidi kukiwa na homa, jasho la usiku au kupungua uzito. Toa makohozi yapimwe. Na CD4 zikiwa chini ya 200, kikohozi kikavu na pumzi kukata unapotembea huenda ni nimonia ile inayokingwa na Septrin, si korona hata kidogo. Kipimo cha haraka cha korona kikisema huna, rudia baada ya saa 48. Mstari wa T hata ukiwa hafifu, ukitokea ndani ya muda ulioandikwa kwenye kifurushi, unao.

Homa au kikohozi visivyokwisha kwa wiki kadhaa usivivumilie. Afrika Kusini mwanamke mmoja ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa alibaki na kirusi cha korona siku 216. Kwako, ambaye virusi vimefubaa, sitarajii hivyo, ila ndiyo sababu nyingine ya kutoruka TLD. Na CD4 usipime wiki hii: korona huzishusha kwa muda, utapata namba ya kukukosesha usingizi bure.

Ile mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni ya damu kwa asilimia, niliyoagiza uletewe: futa rangi ya kucha, na kidole chenye piko usikitumie. Mikono ikiwa baridi isugue kwanza. Kaa dakika 5, vaa, subiri namba itulie. Kwenye ngozi nyeusi mashine hizi wakati mwingine husoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo 94 usiihesabu kama ushindi. Chini ya 94, nenda hospitali. Chini ya 90, usingoje hata gari la kesho. Namba ikiwa nzuri, tembea hatua 40 humo humo ndani, upime tena. Ikishuka pointi 3 au zaidi, nenda hata kama ulipokaa ilikuwa nzuri.

Nitumie namba zote mbili kila asubuhi na jioni, ya kukaa na ya kutembea, pamoja na saa uliyomeza TLD.