Shangazi, noti za marehemu baba zinatugombanisha

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nimeolewa, na kwetu tumezaliwa watano: wanaume wawili, wanawake watatu. Baba yetu alifariki mwaka huu, Mungu amrehemu. Alikuwa baharia. Miaka mingi alitumika kwenye meli za mizigo, na kila mkataba ulipokwisha alishuka Piraeus au Antwerp, bandari za Ulaya, akalipwa taslimu, akarudi nyumbani. Tulipofungua kasha lake tulikuta bahasha yenye noti 14 za euro 500, zile kubwa za zambarau. Jumla ni euro 7,000. Kitabu chake cha ubaharia na mikataba ya kazi vilikuwa humo humo.

Tulizipeleka kwenye maduka ya kubadilisha fedha mjini, yakazikataa. Benki nayo ikatuambia haipokei noti hiyo. Baadaye akajitokeza dalali, akasema noti hizo zimekufa, ila kwa kutuhurumia atanunua kila moja kwa shilingi zenye thamani ya euro 350. Tukikubali tunapoteza euro 2,100. Kaka yangu mkubwa anataka tumpe hata kesho, na mdogo wetu wa kiume yuko upande wake.

Hofu ya kaka naielewa, Shangazi. Sote tunakumbuka noti yetu ya zamani ya shilingi elfu moja. Juni 1, 2019 Patrick Njoroge, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya wakati huo, alitangaza kwamba mwisho wake ni Septemba 30, na siku hiyo ilipopita, noti zaidi ya milioni saba zilikuwa hazijarudishwa. Zikawa karatasi. Kaka anasema na hizi ni hivyo hivyo, tena sisi tumechelewa miaka.

Lakini nimefuatilia, na mambo ya euro si kama yetu. Benki Kuu ya Ulaya iliamua Mei 2016 kuacha kutoa noti ya 500 kwa sababu ya wahalifu: euro milioni moja kwa noti hizo ni noti 2,000 tu, zinaingia kwenye mkoba mdogo. Benki kuu za nchi nyingi za euro ziliacha kuitoa Januari 2019, Ujerumani na Austria zikamalizia Aprili mwaka huo. Kilichokoma ni kutolewa kwa noti mpya. Zilizo mikononi mwa watu bado ni pesa halali, na benki kuu za nchi za euro zinazibadilisha kwa thamani yake kamili bila tarehe ya mwisho. Huyo dalali analijua hilo. Asingelijua, angezitakia nini?

Mtoto wa ami yetu anaishi Hamburg na anatarajiwa kuja likizo Desemba. Anasema dukani au kwenye kituo cha mafuta noti hiyo ni taabu, wengi wamebandika tangazo kwamba hawapokei za 200 wala 500. Ila benki kuu ya Ujerumani, Bundesbank, ina tawi pale Hamburg, na yuko tayari kuzipeleka. Kwa kuwa hazifiki euro 10,000, sheria haimlazimu kuzitangaza forodhani anapoingia Ulaya, lakini akiulizwa zimetoka wapi lazima awe na jibu. Kwa hiyo nataka abebe nakala za kitabu cha ubaharia, mikataba na cheti cha kifo.

Sasa mzozo uko hapa. Mama yumo edani, na hataki pesa za mumewe zipande ndege mfukoni mwa mtu mmoja. Kaka naye anasema wazi kwamba hamwamini huyo ndugu yetu, na kwamba fungu lake analitaka sasa. Kadhi ametupigia hesabu ya mirathi: mama thumni, yaani euro 875, sisi wasichana 875 kila mmoja, wavulana 1,750 kila mmoja. Tazama hesabu hizo, Shangazi. Hakuna fungu hata moja linalotimia kwa noti za 500. Nikisema kaka achukue zake akaziuze anavyotaka, nimpe tatu au nne? Na akiuza kwa hasara, kisha sisi tukapata thamani kamili, najua atarudi kudai tumemdhulumu.

Nimefikiria tuandikiane mbele ya kadhi na mashahidi, namba ya kila noti iandikwe, kisha ndugu yetu aende kwanza na noti chache. Akizibadilisha na pesa zikafika, zifuate nyingine. Mume wangu anasema kumwandikisha ndugu wa damu kama mgeni ni kumvunjia heshima, na huenda akakataa kutusaidia kabisa. Mimi naona maandishi yanamlinda yeye pia.

Baba alizipata pesa hizi kwa kukaa baharini sisi tukikua bila yeye. Siwezi kukubali theluthi karibu nzima iende kwa mtu aliyetudanganya usoni kwamba zimekufa. Lakini sitaki pia msiba huu utuache hatusalimiani.

Nisaidie, Shangazi. Nimwambieje kaka asubiri hadi Desemba bila kuonekana namfundisha kazi, mimi mdogo wake wa kike? Na hayo maandishi, niyalete mimi mbele ya familia au nimwombe kadhi ayapendekeze yeye?

Binti wa baharia,
Mombasa