Mwalimu wa unasihi asiwe huyohuyo anayeshika fimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na kwenye vikao vya shule nimelisema mpaka naonekana msumbufu. Mi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku mkoa wa Mwanza, nafundisha Kiswahili na Historia, vipindi 24 kwa wiki, na juu ya hapo ndo mwalimu wa unasihi wa shule nzima, yaani wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi wenye shida.

Huo unasihi niliupataje? Kikaoni. Mkuu wa shule alikuwa anagawa majukumu, akafika hapo akasema wewe mwalimu ni mpole, watoto wanakupenda, utachukua ushauri na unasihi, watu wakapiga makofi tukaendelea na ajenda ya chai. Semina sikupelekwa hata ya siku moja. Mwaka uliofuata mwalimu wa nidhamu akahama, nikaongezewa na nidhamu "kwa muda" na huo muda ukawa miaka miwili. Basi mezani kwangu yakawa yanakaa madaftari mawili, la unasihi na la adhabu. La adhabu lilijaa nikaomba jingine, la unasihi lilikuwa na kurasa tatu tu zilizoandikwa, na mbili kati ya hizo niliziandika siku tuliposikia wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wako njiani. Nasema ukweli, mnisamehe.

Sasa kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, anachelewa kila siku, anaingia kipindi cha pili shati limelowa jasho, nikimuuliza anaangalia chini. Kanuni za viboko za 2002 zinasema mwisho vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, halafu iandikwe kwenye kitabu. Ruhusa nilikuwa nayo, vinne sikuzidisha, nikaandika, yaani kisheria nilikuwa msafi kabisa. Ilikuja kunifikia kwa jirani yao, tena tumekutana tu dukani, kwamba baba wa yule mtoto amepooza upande mmoja, mama anatoka usiku kwenda mwaloni, kule ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, kuchukua dagaa wa kuuza, kwa hiyo asubuhi anayemgeuza baba, anayemsafisha na kumnywesha uji ni huyohuyo mtoto, ndo aanze kutembea kuja shule. Nikamwita nikamuuliza mbona hukuniambia na mimi ndo mwalimu wenu wa unasihi? Akasema, "Shikamoo mwalimu, mi nilijua we ni wa nidhamu."

Sikuwa na jibu.

Mhariri, watu wakisikia ushauri shuleni wanafikiria mambo ya Ulaya, kumbe wenye shida tunao humu humu. Kuna wanaopanga mageto karibu na shule kwa kuwa nyumbani ni mbali, mtoto wa miaka 15 anajipikia, anajilinda, na mwenye nyumba anagonga mlango saa anayojua yeye. Kuna mabinti waliorudi baada ya kujifungua, tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu, kwetu wamerudi wawili, na aliyewapokea kwa mazungumzo nilikuwa mimi mwenye fimbo kabatini. Ukutani tumeandika kwa rangi nyekundu namba 116 ya kumsaidia mtoto, namba nzuri na ya bure, ila simu shuleni ni marufuku na nikimkuta nayo nainyang'anya. Sanduku la maoni lipo pia, limetundikwa pembeni ya dirisha la ofisi ya makamu, na ufunguo anao makamu.

Halafu siri. Nikiongea na mtoto stafu, ofisi ya walimu wote, mwalimu mwenzangu anasahihisha madaftari hatua mbili kutoka hapo masikio yamesimama, nikimpeleka chini ya mwembe shule nzima inachungulia madirishani. Jambo likisemwa saa nne, mapumziko linaliwa pamoja na maandazi. Mtoto akishaumbuliwa hivyo mara moja, wenzake wote wamejifunza.

Ninachoomba wizara na TAMISEMI si kikubwa sana. Unasihi na nidhamu visikae kwa mtu mmoja, basi hilo tu liandikwe na wathibiti ubora wakija waulize kwanza hilo kabla ya maandalio ya somo. Mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango unaofunga. Na kama hela ikipatikana, kuna vijana wamesomea kazi hii, wengine wametoka Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, wako mtaani wanaendesha bodaboda, hata mmoja akizunguka shule tatu nne tutashukuru, maana afisa ustawi tuliyenaye yuko halmashauri na kumfuata ni nauli yangu mfukoni.

Mimi nidhamu niliirudisha mwaka jana, kwa ugomvi kidogo. Nikaomba stoo ya majembe, nikaingiza mabenchi mawili, nakaa humo kila Jumatano baada ya vipindi. Wiki tatu za mwanzo nilisahihisha madaftari peke yangu. Juzi binti mmoja kaingia kasema anaazima fagio, nikampa, kakaa nalo mkononi karibu saa nzima, tukaongea.

Mwalimu, Mwanza (jina ninakuachia mhariri)