Mlisema wanaopata vairasi ni wahuni, si kweli

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu na sijawahi kuandika, lakini ile ripoti yenu ya vairasi za kompyuta, ile yenye picha ya kijana kajifunika kofia gizani, imenikaa kooni. Eti wanaoambukizwa ni wale wanaozurura kwenye tovuti za ngono na kamari, waache hiyo tabia watakuwa salama. Mimi naendesha duka la kompyuta hapa Busia, watu wanakuja kujaza fomu za kodi za URA na za paspoti, kuprinti, kuskani, na mashine zilizoingiliwa naletewa kila mara. Wengi wa hao wenye mashine walikuwa wanatafuta ratiba, fomu, au matokeo ya mitihani basi.

Nawapa mfano wa shemeji yangu, mwalimu wa sekondari upande wa Tororo. Alikuwa anatafuta mitihani ya zamani ya S.4, kidato cha nne, awape wanafunzi, akafungua tovuti ya shule moja yenye jina zuri tu. Kikaja kile kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, kila mtu amekizoea, unaweka tiki unaendelea. Hiki kikamwambia abonyeze kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Akafuata. Angejuaje kwamba ule ukurasa ulishakopi amri kimyakimya, na kwamba anaibandika na kuiendesha yeye mwenyewe? Kesho yake walimu wenzake wanapokea barua pepe kutoka kwake, anaomba akopeshwe hela.

Akaipeleka laptopu kwa fundi. Yule fundi, mbele ya wateja, akamuuliza, "Madam, usiku huwa unaangalia nini?" Watu wakacheka. Mama mwenye watoto wakubwa, mwalimu, anachekwa na vijana aliowafundisha, halafu anaambiwa dawa ni kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya, alete elfu hamsini, na maksi za muhula mzima zimo humo ndani hazijahifadhiwa pengine popote. Hakuna aliyemuuliza alifungua nini, saa ngapi, nini kilitokea kwenye skrini. Alibeba laptopu yake akaja kwangu machozi yanamlengalenga. Na mimi nasema ripoti kama yenu ndiyo inawapa mafundi wa namna hiyo mdomo. Mtu akila pilau ya harusi akaharisha, hamwendi kumuuliza alifuata nini harusini, mnaenda kumuuliza mpishi! Kwa nini kwenye kompyuta aibu inabebwa na aliyeumia?

Mngemuuliza mtu anayefanya hii kazi angewaeleza inavyofuatiliwa, wala si uchawi. Kwanza nilizima Wi-Fi. Nikabonyeza Windows na R, kwa sababu kile kisanduku kinakumbuka amri ya mwisho iliyoandikwa, na kweli ikawa bado imo: mwishoni maneno ya Kiingereza ya kusema mimi si roboti, na ndicho kipande alichokiona yeye, lakini ukirudisha kishale kushoto kabisa unakuta neno powershell, ile programu ya Windows ya kuendesha amri, na anwani ya tovuti ngeni. Nikafungua historia ya brauza, orodha ya kurasa alizofungua, saa ileile, ukurasa ni wa shule. Nikaingia Task Scheduler, pale Windows inapopangiwa kazi za kujiendesha zenyewe, nikakuta kazi imepangwa ijiwashe kila akiingia kwenye mashine, jina lake herufi zimevurugwa tu. Hapo nikajua imeingilia wapi na imejificha wapi. Halafu nikachukua simu yake, si ile laptopu, tukabadilisha paswedi ya barua pepe na kuitoa akaunti kwenye vifaa vyote, maana vairasi za aina hii zinazoa paswedi ulizohifadhi kwenye brauza pamoja na kuki, zile kumbukumbu ndogo zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia, na mwizi mwenye kuki anaingia bila kuulizwa paswedi. Maksi nikazitoa, nikazikagua, mwisho kabisa ndio nikafomati. Sikatai kufomati jamani, nakataa kufomati kabla ya kutazama, kwa sababu kufomati hakurudishi paswedi ambayo imeshaibiwa! Nina wateja wengine walifomatiwa mashine kwa mafundi wengine, wakaingia kwenye akaunti yao ya brauza ya Chrome, na eksitensheni mbovu, kile kiprogramu kinachobandikwa kwenye brauza, ikarudi yenyewe kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti. Wakalipa tena.

Wala si mambo ya Tororo peke yake. Mwaka 2009 tovuti ya New York Times ilitoa tangazo lililowatisha wasomaji na antivairasi feki, na mwaka 2016 matangazo yenye sumu yalipita kwenye tovuti hiyohiyo na ya BBC. Mei 2025 Microsoft wakishirikiana na vyombo vya sheria waliivuruga vairasi moja ya kuiba paswedi inayoitwa Lumma, wakasema ndani ya miezi miwili tu waliikuta kwenye kompyuta zaidi ya 394,000. Hao wote walikuwa kwenye kamari?

Nilipiga simu ile shule. Wakanijibu kwao inafunguka vizuri. Ndiyo, itafunguka vizuri, hizi skripti, amri zinazofichwa ndani ya ukurasa, mara nyingi zinachagua, zinajionyesha kwa mtu wa Windows aliyetoka kwenye utafutaji wa Google, tena mara moja tu, mwenye tovuti akiingia haoni kitu. Nikauliza nani anaitunza, wakasema kuna kijana aliyeitengeneza zamani, siku hizi namba yake haipatikani. Yaani WordPress, programu inayoendesha hiyo tovuti, haijaguswa tangu itengenezwe, plagini, vile viprogramu vya nyongeza, zimeoza, na wazazi wanaambiwa wachukue fomu humo.

Na tukiwa hapo, hebu tuseme na hili la bando. Julai 2018 tuliwekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN za bure, programu za kupita pale mtandao ulipofungwa, Januari 2021 Facebook ikafungwa wakaongeza nyingine, hakuna aliyejua nani ametengeneza hizo programu na zinachukua nini kwenye simu. Ile ya 200 ikaondolewa 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data. Sasa mtu akinunua bando la taabu kitu cha kwanza anazima apdeti zisimle MB, na apdeti ndizo zinazoziba matundu. Halafu Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu Oktoba 14, 2025, na ndiyo imejaa kwenye maofisi yetu. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, iliyoongezwa makali 2022, tunaisikia mtu akimtukana mkubwa TikTok. Kwa aliyeibiwa akaunti kama shemeji yangu sijaiona ikifanya kazi.

Ninachotaka ni hiki. Andikeni upya ile ripoti, ukurasa uleule, mseme wazi kwamba tovuti ya kawaida inaweza kukuambukiza, na kwamba hakuna kisanduku chochote cha kweli cha kuthibitisha wewe ni mtu kinachokuomba ubonyeze Windows na R. Ikija hivyo, funga. Halafu kila Jumamosi chini ya bei za mahindi wekeni mistari mitano ya mambo kama haya, wakulima na walimu wanasoma hapo. Na kila shule, hospitali na ofisi ya wilaya yenye tovuti iandike kwenye ukurasa wa mbele namba ya simu ya mtu anayeitunza, mtu aliye hai, anayepokea, asipopatikana kwa mwezi mzima tovuti izimwe mpaka apatikane mwingine. Muanze na hiyo ya kwenu, nimeitafuta namba ya kuripoti tangazo baya sikuiona.

Ile ya shule mpaka naandika hii barua bado iko hewani, anwani nimewatumia kwenye bahasha tofauti ili mkaulize wenyewe.

Mwenye duka la kompyuta,
Busia, Uganda