Historia ya redio Mbeya haikuanza na FM

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita juu ya vituo vya redio vya Nyanda za Juu Kusini. Mwandishi amefanya kazi nzuri, na vijana wanaotangaza Mbeya, Iringa na Njombe wanastahili sifa alizowapa. Ila pale alipoandika kwamba redio ilifika kwetu na vituo vya FM, na kwamba kabla ya hapo hapakuwa na cha kusimulia, alinichoma. Hata kijana niliyekuwa namfundisha kazi alinisomea aya ile mara mbili, akaniuliza: "Kwani mzee, zamani ulikuwa unatengeneza nini?"

Mimi ni fundi redio. Nilianza mwaka 1981 pale Tukuyu, nikiwa nimepewa pembe ya baraza na fundi cherehani, baadaye nikahamia Mwanjelwa, mjini Mbeya. Kwa miaka mingi redio zilizopita mikononi mwangu zilikuwa na MW na SW, basi. SW ni masafa mafupi, na MW ndiyo masafa ya kati, ambayo wengine wanayaita AM. Humo ndimo nchi nzima ilimokuwa ikisikilizana.

Tarehe zenyewe ni hizi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikisikika mjini kule na maeneo ya jirani. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalichukua, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tuliyoijua. Mitambo ya masafa ya kati ilipojengwa mikoani, Mbeya nayo ikapata wake. Kwa hiyo aliyezaliwa Rungwe kama mimi, mwaka 1961, amekua na redio.

Baba alinunua ya kwetu mwaka 1971, baada ya malipo ya kahawa. Ilikuwa National, iliyoundwa hapahapa nchini, kwenye kiwanda cha Matsushita Dar es Salaam, na mawe yake, yaani betri, yalitoka kiwanda hichohicho. Ilikaa juu ya meza ya mninga, juu ya kitambaa alichofuma mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Kazi yetu watoto ilikuwa kuanika mawe. Yakianza kuchoka tuliyapanga kwenye bati asubuhi, jua likayapasha, na jioni baba akapata taarifa ya habari ya saa 2 usiku, pengine na robo saa ya muziki. Siku za mvua na ukungu, ambazo Rungwe ni nyingi mno, tulikosa vyote viwili.

Pembeni mwa ile redio baba alichora mezani alama mbili kwa ncha ya kisu. Nilikuja kuzielewa nilipokuwa fundi. Ndani ya redio ya MW kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na hicho ndicho antena yake. Ncha ya kijiti ikielekea kwenye mtambo, sauti inafifia. Ukiigeuza redio ubavu, sauti inarudi. Baba hakuwahi kuona ndani ya redio, lakini alijua kwamba ikikaa sambamba na alama ya kwanza inashika Radio Tanzania vizuri, na ikikaa kwenye alama ya pili, usiku, inashika Malawi. Hayo aliyapata kwa kusikiliza na kugeuza, kugeuza na kusikiliza.

Nieleze na la milima, maana ndilo lililosahaulika kabisa kwenye makala ile. Mawimbi ya FM yanakwenda kwa kunyooka. Mlima Rungwe au Safu ya Livingstone ikikaa katikati yako na mtambo, hupati kitu, labda mkwaruzo. Masafa ya kati hutambaa na ardhi, hupanda na kushuka nayo, na giza likishaingia hurudishwa chini na tabaka la juu la anga yakaangukia mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana mtambo mmoja uliweza kumhudumia mtu wa Usangu, wa Ileje na wa bonde la Kyela. Leo vituo ni vingi kuliko vidole vyangu, na bado ziko kaya ng'ambo ya kilima tu ambazo hazisikii hata kimoja sawasawa.

Sasa nije kwenye vipindi, kwa sababu ndivyo vilivyobadilika zaidi ya mitambo.

Redio ya utoto wangu ilikuwa mwalimu. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu walikaa vikundi kuizunguka redio, wanasikiliza, wanajadili, kisha wanakwenda kutenda. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kikundi cha kwetu kilikutana nyumbani, kwa kuwa redio ilikuwa yetu, na balozi wa nyumba kumi alikaa kwenye kigoda karibu na spika. Bibi yangu hakujua Kiswahili wakati huo. Baba alikuwa anatafsiri kwa Kinyakyusa, sentensi kwa sentensi, na watu wakimkatiza kuuliza ilimbidi aache maneno mengine yapite. Kampeni ilipokwisha choo kipya kilikuwa kimechimbwa nyuma ya migomba, na bibi alikuwa anasema "mbu", "maji ya kuchemsha", "kuhara". Kiswahili chake cha kwanza kilitoka kwenye redio, na kilikuwa cha afya! Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, nayo tuliisikiliza, ingawa kikundi kilikuwa kimepungua.

Idhaa ya Biashara ya RTD ilikuwa na ladha nyingine. Huko kulikuwa na matangazo ya sabuni, muziki, na salamu. Nimewaona watu wazima wakisimama katikati ya njia, jembe begani, kwa kusikia jina la mtu wa Vwawa au Makambako likisomwa Dar es Salaam. Na muziki wenyewe haukuwa wa Dar peke yake. TANCUT Almasi ilikuwa bendi ya Iringa, chini ya kampuni ya kukata almasi, na ilipopigwa RTD sisi wa huku tulijua imepigwa ya kwetu. Kanda zilizorekodiwa na RTD ndizo zilizobeba sauti za bendi nyingi za enzi ile. Mtu anayesema hapakuwa na cha kusimulia akazisikilize.

Halafu matangazo ya vifo. Mjomba wangu alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, akafariki mbali na nyumbani. Simu hakuna, na barua ingechukua wiki. Tangazo lilisomwa jioni: jina lake, kijiji chake, na "habari ziwafikie ndugu wa marehemu popote walipo". Mama alikuwa anachambua maharage. Alisimama, sinia likamwagika, akatoka nje bila kusema neno, na kabla baba hajaizima redio tayari majirani walikuwa wanaingia uani, kwa sababu nao walikuwa wamesikia saa hiyohiyo. Hatukumpelekea mtu ujumbe. Msiba ulikuwa umeshatangazwa kwa wote. Tangu siku ile, matangazo yale yakianza mama anaacha anachofanya na kukaa kimya hadi yaishe.

Mwaka 1993 sheria mpya ya utangazaji ilifungua mlango kwa redio za watu binafsi, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza. Sisi wa mikoani tulikaa bado na RTD. Mwaka huohuo wa 1993 ndipo ulipoanza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, na humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, ambaye mwisho aliugua Ukimwi. Kibanda changu cha Mwanjelwa kilikuwa karibu na barabara kuu ya Zambia. Madereva wa malori ya Tunduma walileta redio zao kuchomelewa waya, na wakiwa wanasubiri walikuwa wanabishana juu ya Mkwaju kana kwamba wamelala naye gesti moja. Mmoja alisema Mkwaju anaonewa. Mwenzake akamwambia: "Unamtetea kwa sababu ni wewe." Kimya kilichofuata nakikumbuka mpaka leo.

Vituo vya FM vilipofika Mbeya na Iringa nilifurahi, sifichi. Sauti safi, watangazaji wenye lafudhi zetu, mtu anapiga simu studio anajulikana hadi mtaa anaokaa. Ebony ya Iringa na Baraka ya hapa Mbeya zimeingia majumbani kwa haki yao. Kazi yangu ilibadilika: badala ya kufunga uzi unaovuta mshale wa stesheni, nikawa naweka IC, vile vipande vidogo vyeusi vyenye miguu mingi. Kisha zikaja simu zenye redio, ambazo waya wa spika za masikioni ndio antena, na ambazo hazina MW kabisa. RTD yenyewe ikawa TBC mwaka 2007, na polepole masafa ya kati yakaachwa yafe. Sikumbuki tangazo la kutuaga.

Kinachoniuma ni saa za jioni. Kituo kimoja cha hapa mjini, jina nalihifadhi, kilikuwa na kipindi cha wakulima baada ya saa 12. Walikuwa wanamleta bwana shamba anajibu maswali ya viazi, mahindi, hata pareto. Kikaondolewa bila maelezo, na saa ile sasa ni ya ubashiri wa mechi za Ulaya. Nilikwenda kuuliza. Kijana wa mapokezi, kwa adabu sana, akanijibu: "Shikamoo mzee, wasikilizaji ndio wanavyotaka." Marahaba, nikamwambia, lakini mimi ni msikilizaji na sijaulizwa. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mkulima anatoka shambani saa 12, anawasha redio saa 1. Hiyo ndiyo saa yake, hana nyingine.

Dada yangu ameolewa Makete, nyumba yake iko bondeni. Mwaka jana alinipa redio yake nimtengenezee. Nilibadilisha kondensa mbili, nikasafisha swichi, ikawa nzima. Nilipowasha upande wa MW nikazungusha mshale toka mwanzo hadi mwisho. Mvumo mtupu. Redio ilikuwa haina tatizo lolote, na nilishindwa hata kumtoza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba makala ile iandikwe upya, au iendelezwe, ikianzia pale ilipoanzia kweli. Watu bado wapo. Wapo waliohudumia mitambo, walioongoza vikundi vya 1973, waliotunza kadi za salamu kwenye masanduku ya bati. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 kibanda changu kiliteketea pamoja na daftari nililoandika kila redio niliyotengeneza na mwenye nayo ni nani, miaka zaidi ya kumi. Siwezi kulirudisha. Lakini niliyonayo kichwani nitayasema kwa yeyote atakayekuja na kinasa sauti, na vituo vyetu vya FM vina vinasa sauti. Waanze na wazee wa Tukuyu na Kyela, na wayarushe mahojiano hayo saa 1 jioni.

Wakipita Tukuyu nitawapeleka kwa kaka yangu. Redio ya baba haipo, ila meza ipo, na zile alama mbili za kisu bado zinaonekana.

Ni mimi,
Fundi redio mstaafu,
Uyole, Mbeya