Mwanangu, unalala saa ngapi?

Mwanangu,

Tangu mwanao Wafula atoke wodini na skizofrenia yake, ugonjwa wa akili unaomfanya ahisi anawindwa, kila nikikupigia usiku unashika simu kabla haijalia mara ya pili. Unalala saa ngapi?

Dawa zake umezijua kunishinda, na hilo najivunia. Ila kukesha peke yako sikubali. Baba Wafula ashike zamu mpaka saa nane usiku, wewe umpokee hapo, ili kila mmoja apate angalau saa tano mfululizo. Wa zamu akae sebuleni, si mlangoni pake. Kijana aliyekwisha kuhisi anawindwa, ukimchungulia usiku kucha unamthibitishia.

Usiniambie mama halali mwanawe akiumwa. Watafiti wa London walishaona miaka ya 1970: wagonjwa wa skizofrenia waliorudi kwenye nyumba za lawama na kufokewa waliugua tena zaidi, hasa waliokaa uso kwa uso na jamaa hao zaidi ya saa 35 kwa wiki. Na asiyelala hufoka, nilikusikia Jumatano. Kwa hiyo ukishinda sokoni hujamtupa. Nduguyo Nekesa yuko tayari kuja wikendi moja kila mwezi, lakini wewe, kwa ukaidi wa babako, unawaficha hata ndugu zako. Mwonyeshe dawa zilipo na nambari ya kliniki, kisha uondoke kweli.

Shingo ikipinda au macho yakigeuka juu, hasa siku za kwanza za haloperidoli, dawa yake ya akili, au dozi ikipandishwa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Ni dawa imekaza misuli, na ipo dawa ya kuilegeza. Si mapepo, shangazi yako aseme atakavyo. Vidonge msivikatize wenyewe.

Kwenye daftari, wa zamu aandike Wafula amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi. Akipitisha usiku mbili macho, au akiacha kuoga, piga kliniki. Usingoje tarehe ya sindano.

Na presha yako? Umemeza leo? Zake unazipanga kila Jumapili kwenye kiboksi cha siku saba. Nunua cha pili, upange zako hapo hapo.

Gunia la mahindi linakuja na matatu ya Jumamosi kutoka Bungoma. Yameanza kuingia dumuzi, yaanikeni kabla ya kusaga. Utingo nimemlipa, asiwadai tena. Baba Wafula ndiye aende steji kulipokea. Wewe lala.

Mamako